Zimwi Likujualo: Uaminifu wa Familia kwa Subaru Kuukuu Kyebando

Uaminifu kwa gari la familia ni hali ambayo kaya huendelea kulitunza, kulitetea na kuligharimia gari ambalo kila jamaa mwenye nia njema ameshashauri liuzwe, na hali hiyo huonekana bila taabu Kyebando, katika Divisheni ya Kawempe, kaskazini mwa jiji la Kampala. Gari linalohusika mara nyingi ni Subaru, hasa Legacy au Forester, lililotumika kwanza Japani, likateremshwa bandarini Mombasa na kuingia Uganda kwa barabara, na ambalo namba yake ya usajili, kwa kuanza na herufi UA, hutangaza umri wake kwa kila mpita njia kabla mwenyewe hajapata nafasi ya kuupunguza.

Sifa ya usalama ya Subaru haikuzuka hewani. Injini yake ni ya aina ya boksa, yaani silinda zimelazwa ubavu pande mbili badala ya kusimama wima, jambo linaloushusha uzito karibu na ardhi na kulifanya gari litulie kwenye kona. Kampuni ya Subaru ilianza kuitumia injini hiyo mwaka 1966, na mwaka 1972 ikatoa Leone inayosukumwa na magurudumu yote manne. Dereva Colin McRae aliposhinda mbio za Safari Rally nchini Kenya mwaka 1997 akiwa ndani ya Subaru Impreza, akina baba wengi wa Afrika Mashariki walipata hoja ambayo wake zao wamechoka kuisikia lakini hawajaweza kuipangua. Mvua za Machi hadi Mei zinapougeuza udongo mwekundu wa vichochoro vya Kyebando kuwa utelezi, na bodaboda zikaanza kupanda mlima kwa ubavu, Subaru hupanda kwa heshima zake, ikiwa na watoto nyuma na mkungu wa matoke kwenye buti. Na inaposhuka kuingia Northern Bypass, barabara ya kilomita 21 iliyofunguliwa mwaka 2009, mama wa familia hujiona salama hata katikati ya malori.

Taabu ni kwamba sifa hizo hizo ndizo zinazokula fedha. Kwa kuwa magurudumu manne hugawana nguvu moja, matairi yote hutakiwa kuwa na mzingo unaolingana, la sivyo mfumo wa kugawa nguvu hujisaga wenyewe, na ndiyo maana msumari mmoja uliookotwa mtaa wa Kalerwe unaweza kuilazimisha familia kujadili bei ya matairi manne. Gasketi ya hedi, yaani bamba jembamba linalokaa kati ya bloku ya injini na kichwa cha silinda ili maji, oili na moto visichanganyike, katika boksa ni mbili, moja kila upande, na kuzifikia vizuri mara nyingi humaanisha kuishusha injini nzima. Baadhi ya Forester, aidha, zilitengenezwa na shokapu za nyuma zinazojiinua zenyewe gari linapobeba mzigo; shokapu hizo zikizeeka, gari hukaa chini kwa nyuma kama kuku anayeatamia, hata likiwa tupu.

Maisha ya namna hii hugawa kazi ndani ya nyumba. Jumapili asubuhi, kabla ya safari ya kanisani, kifungua mimba hukagua maji katika chupa ya rejeta, mdogo wake huchuchumaa kutafuta matone ya oili chini, mama hunusa kama kuna kinachoungua, na baba hupakia kidumu cha njano cha lita tano, ambacho kimesali mara nyingi kuliko yeye. Fundi naye, anayefanya kazi chini ya mwembe kando ya barabara, huwa ndugu: hufungua kifuniko, huyatazama mapovu yanayopanda katika maji, hufuta mikono kwa kitambaa kilicho kichafu kuliko mikono yenyewe, kisha hutamka kwa huzuni ya daktari bingwa, "Mzee, hili limeshachoka." Familia inapoandaa kwanjula, yaani sherehe ya Kiganda ambayo binti huwatambulisha wakwe kwa wazazi wake, fundi hupewa kiti cha mbele, kwani ada za binti na ada za gasketi zimetoka mfuko mmoja kwa miaka mingi.

Wanaoshauri gari liuzwe husahau elimu ya soko. Mchumi wa Marekani George Akerlof, aliyetunukiwa Nobeli mwaka 2001, alieleza katika makala ya mwaka 1970, iliyokuwa imekataliwa na majarida matatu, kwamba katika biashara ya magari yaliyotumika muuzaji huzijua kasoro ambazo mnunuzi hazijui, na kwa hiyo mnunuzi hushuku kila gari analoonyeshwa. Kwa hesabu hiyo, kumiliki kasoro zinazojulikana ni mali. Sheria nayo imeongeza uzito: marekebisho ya mwaka 2018 yalipiga marufuku kuingiza Uganda magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi, hivyo mbadala wa bei nafuu umeadimika, huku wazee waliokwisha vuka mpaka wakiachwa waendelee kupumua wawezavyo. Wahenga walilimaliza mapema waliposema kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha, ingawa kwa Subaru ni lazima ikubaliwe kwamba hubakisha kidogo sana.

Hata hivyo, ipo siku ambayo baraza la familia hukata shauri kuliuza. Habari hizo zikienea mtaani, mnunuzi wa kwanza kubisha hodi, akiwa na fedha taslimu mkononi, huwa ni yule yule fundi aliyelitangaza kuwa limechoka. Na kwa kuwa ndiye mtu pekee nje ya nyumba anayelijua gari hilo kuliko hata wenyewe, familia huitafakari haraka yake, humshukuru, humpa chai, kisha humwagiza alete gasketi mpya.