Barua kutoka Ughaibuni: Pango, Kulungu na Makopo ya Bia

Pango la Krismasi, lile la mtoto Yesu horini na punda pembeni, limepanda kizimbani Marekani mara nyingi kuliko mwizi wa kuku. Kosa huwa mahali lilipowekwa. Kwenye uwanja wa kanisa au baraza ya mtu halina mwenye kuliuliza. Likiingia bustani ya mji au jengo la serikali, mawakili hao.

Chanzo ni Marekebisho ya Kwanza ya Katiba, ya mwaka 1791, yanayolikataza Bunge kutunga sheria ya kuanzisha dini. Mwaka 1802 Rais Thomas Jefferson aliwaandikia Wabaptisti wa Danbury kwamba maneno hayo yamejenga ukuta kati ya kanisa na dola. Ukuta una mlango wa uani: tangu 1870 Krismasi ni sikukuu ya serikali, Idi haimo. Mtanzania naye Katiba yake inaziweka shughuli za jumuiya za dini nje ya mamlaka ya nchi, ila yeye hupumzika Idi, Maulidi, Pasaka na Krismasi, na huona hafla ya serikali ikifunguliwa kwa dua ya shehe na sala ya padri. Hapo ndipo anapoanza kukuna kichwa.

Kesi mama ilitoka mji wa Pawtucket, Rhode Island. Manispaa ilinunua pango kwa dola 1,365 mwaka 1973 na kulipanga kila Desemba pamoja na nyumba ya Baba Krismasi, kulungu wa kuvuta gari lake, mti wa Krismasi, na sanamu za mchekeshaji, tembo na dubu wa kuchezea. Tembo alifikaje Bethlehemu, hakuna aliyeuliza. Mwaka 1984 Mahakama ya Juu, majaji watano kwa wanne, iliona kuwa katika mchanganyiko huo mji haukuhubiri dini, uliadhimisha msimu tu. Jaji Harry Blackmun alipinga, akisikitika kwamba pango lililobakishwa kwa hoja hiyo limegeuzwa chambo cha biashara.

Mwaka 1989 ikaja zamu ya Pittsburgh. Kwenye ngazi kuu za mahakama ya kaunti kulikuwa na pango peke yake, malaika juu akiwa na bango la Kilatini la kumtukuza Mungu. Likakataliwa. Nje ya jengo jingine, menora, yaani kinara cha taa cha Wayahudi, yenye urefu wa futi 18 ilisimama kando ya mti wa Krismasi wa futi 45 na kibao cha kusifu uhuru. Ikapita. Yaani Yesu akiwa na kulungu ni utamaduni. Akiwa na malaika tu, ni dini. Wamarekani wenyewe huiita kwa dhihaka kanuni ya kulungu.

Baadhi ya miji ilijaribu njia nyingine: kufungua uwanja kwa kila mwananchi, ili anayesema asiwe serikali. Tatizo ni kwamba kila mwananchi alikuja. Mwaka 2013, ndani ya jengo la bunge la Florida huko Tallahassee, pango lilipata jirani: nguzo ya makopo ya bia ya Festivus, sikukuu ya mzaha iliyopata umaarufu kwa tamthilia ya Seinfeld. Mwaka uliofuata kikundi kiitwacho Satanic Temple kikaleta malaika anayeporomoka motoni, na mwanamke mmoja akakamatwa kwa kumvunjavunja.

Santa Monica, California, ilikuwa na mapango bustanini tangu 1953. Mwaka 2011 nafasi 21 zilipigiwa kura ya bahati nasibu. Wasioamini Mungu wakazoa 18. Mwaka 2012 mji ukafuta utaratibu wote, na mapango yakahamia kwenye ardhi ya watu binafsi.

Mwaka 2022, katika kesi ya kocha wa shule aliyekuwa akisali uwanjani, Mahakama ya Juu ilitupa vipimo vyake vya zamani na kuagiza historia na mila ndizo zitazamwe. Kuhusu kulungu, haikusema neno.