Muulize Shangazi: Vakansi ya Loire kwa Watu wa Bule

*Shangazi, binamu yangu anaishi Tours, Ufaransa. Ameniita vakansi nikaone ngome za wafalme kando ya mto Loire. Baba mdogo anasema niuze ng'ombe wawili. Watatosha?*
Mwalimu, Bule

Mwalimu, ng'ombe wawili watakufikisha Kinshasa, kwenye mlango wa ubalozi, na hapo ndipo utaanza kuwakumbuka. Kutoka Bunia kwenda huko ni ndege, si moto. Kuomba viza peke yake ni yuro 90, na ukinyimwa hazirudi. Tena wanataka bima ya matibabu inayofika yuro 30,000, mahali pa kulala, karatasi ya benki, na uthibitisho kwamba una sababu ya kurudi Bule. Sababu unayo: ng'ombe waliobaki. Tatizo ni kwamba hawana mhuri.

Wageni wa zamani hawakusumbuliwa hivyo. Leonardo da Vinci, Mwitaliano, aliitwa na mfalme François wa Kwanza mwaka 1516, akapewa nyumba pale Amboise, kando ya Loire, na malipo ya kila mwaka, akakaa hadi kufa kwake mwaka 1519. Hakuna aliyemdai tikiti ya kurudi. Emiri Abd el-Kader wa Algeria naye alikaa Amboise, ndani ya ngome yenyewe, kuanzia 1848 hadi 1852, na viza hakuombwa hata siku moja. Alikuwa mfungwa.

Nauli alipe binamu. Aliyekuita ndiye mwenye karamu.

*Shangazi, mpwa wangu kanitumia picha kwa WhatsApp, amesimama mbele ya jumba la Chambord. Madohani yake ni kama msitu wa mikaratusi! Mbona ananiambia hana nafasi ya kumpokea mdogo wake?*
Mama wa maziwa, sokoni

Mama, jumba si lake. Kalipa kiingilio, kapiga picha, katoka kabla hawajafunga. Lina vyumba zaidi ya 400 na mahali pa kuwashia moto 282 (hata kwa baridi ya Bule hizo ni kuni nyingi mno), lakini mfalme yuleyule François, aliyeanza kulijenga mwaka 1519, hakulala humo hata miezi mitatu kwa jumla, na alitawala miaka 32. Kitu cha maana pale ni ngazi. Ni mizunguko miwili iliyosokotana, hivi kwamba anayepanda na anayeshuka huchunguliana madirishani bila kukutana. Wanaokuomba muda wa kulipa maziwa wangeipenda sana.

Badala ya nafasi ya kulala, muulize habari za jibini. Kule Sainte-Maure wanatengeneza ya maziwa ya mbuzi na kuipitishia bua katikati isivunjike. Mbuzi tunao. Mabua tunayo.

*Shangazi, tuko kambini Savo. Shuleni binti yangu amepewa insha: "Vakansi yangu". Anauliza aandike nini, maana tangu tukimbie kijiji hatujaenda popote ila hapa. Aige zile picha za ngome zinazozunguka kwenye simu?*
Baba wa wanne, Plaine Savo

Asiige, mwanangu. Wafalme wale hawakutulia mahali. Walihama ngome hadi ngome na maelfu ya watu na farasi, vitanda na masufuria juu ya mikokoteni, na Chambord ilikaa tupu mpaka mizigo ifike. Chakula cha eneo moja kikipungua, wanafunga mizigo tena. Kazi hiyo binti yako anaijua: nani hubeba sufuria, nani hubeba mtoto, godoro hufungwaje. Na akiinama kuingia kwenye turubai akumbuke Charles wa Nane, aliyegonga kichwa kwenye mlango mfupi Amboise mwaka 1498 na kufa siku hiyohiyo.

Tofauti aiandike kwa herufi kubwa. Wale walihama wakifuata mawindo. Ninyi mlihama kwa kuwa mliwindwa, na usiku ule wa Februari 2022, kambi iliposhambuliwa, mkawindwa hata humo.

Kurasa mbili zinatosha. Mwalimu akikata alama kwa kuwa hakuna ngome, niletee hiyo insha. Wiki ijayo nitaichapa hapa, na barua zenu za viza zitangoja.