Shusha Pazia, Mzee

Jumamosi iliyopita, saa moja na nusu asubuhi, ndani ya daladala ya Gongo la Mboto–Kariakoo, niliinua mkono wa kulia kushika bomba, na shati langu likainuka nao. Sisemi mkono wa shati. Nasema shati. Lilipanda lote kwa mpigo mmoja kama bendera ya shule asubuhi ya Jumatatu, likaupita mkanda, likakipita kitovu, likatua chini ya kifua na kugoma hapo. Nikishusha mkono, linashuka. Dereva akikanyaga breki, nalirukia bomba, shati linapanda tena.

Mbele yangu alikuwa amekaa mama mmoja, uso wake na tumbo langu vikitazamana kwa umbali wa shibiri. Alivumilia toka Ukonga hadi Banana. Hapo akaniambia kwa upole, "Kaka, nikushikie?" Nikajua anasema mfuko wangu, kama ilivyo desturi ya abiria aliyebahatika kupata kiti. Nikampa mfuko. Akaupakata, kisha akanyoosha mkono, akalikamata pindo la shati langu, akalivuta chini na kulishikilia hivyo hadi Tazara, macho yake nje dirishani, kama mtu aliyeachiwa kamba ya mbuzi wa jirani.

Aliyeharibu ni konda. "Mzee," akasema kwa sauti ileile ya kuitia abiria, "shusha pazia basi, huko ndani kumeshakucha!" Gari zima likaangua kicheko. Kijana wa siti ya nyuma akadakia kwamba ndiyo maana jogoo wa mgongoni wameanguka kichwa chini. Hao jogoo nitawafikia.

Shati lile nimelishona mwenyewe.

Sikuingia kwenye ushonaji kwa mapenzi, niliingia kwa hasira. Fundi wa mtaani kwetu alikaa na kitambaa changu toka kabla ya Pasaka hadi karibu na Nane Nane. Njoo kesho. Njoo Ijumaa. Imebaki vifungo tu. Yote hayo niliyameza, maana fundi asiyesema "imebaki vifungo tu" bado hajafuzu. Lakini siku aliponiambia kazi imekwama kwa sababu umeme umekatika, nikaitazama cherehani yake, ya miguu, nikamtazama yeye, nikachukua kitambaa changu nikaondoka. Wiki hiyohiyo nikanunua cherehani kutoka kwa watu waliokuwa wanahama: nyeusi, ya miguu, maua yake ya dhahabu yamefutika nusu. Nikawaambia watu wa nyumbani kwamba mambo ya mafundi kwetu yamekwisha.

Siku tatu za kwanza sikushona. Nilikata uzi. Nakanyaga, mishono mitatu, uzi unakatika. Natunga upya, naloanisha ncha kwa mate, nakanyaga, uzi unakatika, na chini ya kitambaa limejazana fundo la nyuzi kama tambi za Idi. Siku ya tatu jioni binti yangu wa darasa la tatu alisimama mlangoni anakula muwa. Akatazama kidogo, akauliza, "Baba, mbona gurudumu linarudi nyuma?"

Kumbe gurudumu la cherehani lina mbele na nyuma. Lazima lizunguke kuja kwa mshonaji. Ya miguu haikuambii hilo. Miguu yako inaweza kulipeleka kokote, ndiyo maana fundi huanza kwa kulisukuma gurudumu kwa mkono kabla ya kukanyaga. Nilikuwa nimeona mafundi wakilipapasa gurudumu hivyo maisha yangu yote, nikidhani ni mbwembwe.

Nikalirekebisha gurudumu. Uzi sasa ukawa haukatiki, lakini pia haushoni: sindano inatoboa kwa bidii, nikiinua kitambaa naona matundu matupu. Sindano nayo nilikuwa nimeiweka kinyume.

Hili acha nilieleze, maana limeninyima usingizi. Ukishona kwa mkono, sindano unaiachia: inazama upande huu, unaipokea upande wa pili, unairudisha. Cherehani haiachii sindano hata siku moja. Imebanwa kichwani, haiwezi kuvuka ng'ambo. Sasa uzi wa juu unafungana vipi na wa chini? Kwanza, tundu la uzi limetolewa kisogoni likahamishiwa kwenye ncha. Sindano inatoboa kitambaa na kuzama na uzi wake. Halafu inaanza kupanda, na ikishapanda kidogo tu, unene wa punje ya mchele, uzi unasuasua nyuma na kutuna ubavuni mwa sindano, unakuwa kitanzi. Kitanzi hicho kinaishi muda wa kupepesa jicho. Papo hapo kulabu inayozunguka kule chini inakidaka, inakitanua na kukivusha juu ya bobini nzima, yenye uzi wa chini, kama mama anavyomvisha mtoto fulana kwa nguvu. Uzi wa chini unajikuta umo ndani ya uzi wa juu. Sindano ikipanda, nyuzi zinakazwa na kukumbatiana katikati ya unene wa kitambaa, mahali ambapo huzioni. Huo ni mshono mmoja. Hapo yale meno madogo ya chuma yanachomoza, yanasogeza kitambaa hatua moja, yanazama, yanarudi nyuma kwa siri, na kazi inaanza upya. Fundi wetu hufanya haya mamia ya mara kwa dakika huku akibishana habari za Simba na Yanga.

Sasa basi, kitanzi hutuna upande mmoja tu wa sindano. Ndiyo maana kisogo cha sindano kimetiwa ubapa, ili mtu ajue iingie ikitazama wapi. Ukiigeuza, kitanzi kinatunia upande mwingine na kulabu inapita ikidaka hewa.

Tundu hilo la kwenye ncha limo katika hataza aliyopewa Mmarekani Elias Howe mwaka 1846. Kabla yake, mwaka 1830, Mfaransa Barthélemy Thimonnier, naye fundi nguo, alisajili mashine yake na kuanza kushona sare za jeshi. Mafundi wa Paris wakaivamia karakana na kuzivunja mashine zake. Vitabu vinasema walihofia ajira zao. Mimi nadhani walikuwa wamejaribu kutunga uzi.

Turudi kwenye shati. Nililifumua shati langu la zamani kwa wembe, nikavitandika vipande vyake juu ya kitenge, nikavizungushia chaki. Hapa nilifanya makosa mawili. Kosa la kwanza lilikuwa la mikono. Mkono wa shati, ukiutandika chini, unaonekana kama kengele, kushoto na kulia sawasawa. Si sawasawa. Upande wa mbele umechimbwa zaidi ya wa nyuma, kwa sababu binadamu huipeleka mikono yake mbele. Ndivyo tunavyokula, ndivyo tunavyodaiana. Kwa hiyo mkono wa kulia ni lazima uwe kivuli cha wa kushoto kwenye kioo. Mafundi hukunja kitambaa na kukata mara moja, wakapata jozi. Mimi nilikata mmoja, nikausogeza ule ule wa mfano pembeni, nikakata wa pili. Nikapata mikono miwili ya kushoto.

Niliifunga kwenye mfuko mweusi, nikameza kiburi, nikaenda kwa fundi.

"Fundi, hebu niangalizie hii. Ni ya rafiki yangu."

Akaitandika juu ya meza, akaisogeza huku na huku. "Kaka, huyu rafiki yako ana mikono mingapi ya kushoto?"

Sikujibu.

"Mwambie asijali," akasema. "Ingekuwa wax ya kweli ungeigeuza tu."

Ungeigeuza, akasema. Hakusema angeigeuza.

Lakini alisema kweli. Wax halisi hupigwa utomvu pande zote mbili kabla ya kuzamishwa kwenye rangi, kwa hiyo haina ndani wala nje. Ukikosea unageuza kitambaa na maisha yanaendelea. Vlisco, ile kampuni ya Helmond huko Uholanzi iliyopata utajiri kwa kuiga batiki za Java na kutuuzia sisi, ilianzishwa mwaka 1846, mwaka uleule wa hataza ya Howe. Yaani mashine na kitambaa walishapanga njama dhidi yangu mapema. Mimi nilikuwa nimenunua kitenge cha bei nafuu, kilichochapwa rangi upande mmoja, upande wa pili ukiwa umefifia kama picha ya kitambulisho cha zamani. Kingine sikuwa nacho. Nikaishona mikono miwili ya kushoto hivyohivyo. Kwa sababu hiyohiyo ya kubana kitambaa, kipande cha mgongoni nilikikata kichwa chini, na jogoo wote kumi na mmoja wananing'inia kwa miguu kama wanapelekwa sokoni.

Kosa la pili ndilo lililonipandisha pazia. Nilijiambia: huu ni mji wa joto, acha nipanue kwapa nipate uhuru wa mkono. Nikaliongeza kwapa inchi mbili kwenda chini. Mtu yeyote mwenye akili timamu angefanya hivyo, na angekosea. Kwapa la nguo likikatwa chini, mkono wa shati unaungana na kiwiliwili mbavuni. Ukiinua mkono, kile kiungo lazima kipande, na kikipanda kinabeba ubavu mzima. Kwapa likikatwa juu, karibu kabisa na kwapa lako lenyewe, mkono unazunguka penye bega na shati linabaki kwenye suruali. Nilitafuta uhuru nikajifunga kamba.

Mengine niliyoshona hayana maneno mengi. Foronya: mto haukuingia. Aproni ya mama watoto: ilimfaa, kwa kuwa ni mraba na kamba mbili. Suruali: tuiache.

Jumamosi ile, nikitoka Kariakoo, nilikwenda moja kwa moja kwa fundi, safari hii bila rafiki. Nikainua mkono mbele yake. Akatazama shati linavyopanda, akatikisa kichwa, wala hakucheka, jambo lililoniuma zaidi.

"Hapo unaweka kikwapa tu."

Nikajinusa. "Samahani, nimetembea kwenye jua."

Ndipo akacheka. Akavuta kutoka ukutani kanzu ya mteja, akaifunua mkono: chini ya kwapa kulikuwa na kipande cha mraba, kimekaa mshazari kati ya mkono na ubavu. Mkono ukishuka kinajikunja kisionekane. Ukipanda kinafunguka kama mfuniko wa bahasha, na kiwiliwili hakisogei. Hicho ndicho kikwapa. Akaendelea kunionyesha: hii badani, kipande kikuu, hizi taharizi, za ubavuni, hii kaba, inaimarisha shingo, hii lisani, hii sijafu. Kila sehemu aliyogusa ilikuwa na jina, na hata moja halikuwa la kigeni kwake.

Hapo ucheshi uliniisha, na haujarudi vizuri. Nimesoma Kiswahili miaka yote ya shule. Nimeulizwa wingi wa maneno ambayo sijawahi kuyatamka tena. Nimeandika insha za methali mpaka kidole kikaota sugu. Kwenye kipindi cha kazi za mikono tulichora cherehani kutoka ubaoni, tukaweka mishale, tukakariri sehemu zake, nikapata alama nzuri, na cherehani yenyewe haikuwapo shuleni. Kijitabu nilichopewa pamoja na hii yangu ni cha Kiingereza. Nikaamini kwamba ujuzi huu hauna maneno kwetu, kwamba ni jambo la mkono na kunyamaza. Kumbe shati zima, kutoka shingo hadi pindo, lilikuwa ndani ya lugha yangu, na katika lugha hiyohiyo mimi nimefundishwa kwamba kikwapa ni harufu.

Nilikishona kikwapa Jumapili usiku, chekundu, kwa sababu kitenge kilikwisha zamani. Jumatatu nikapanda gari lilelile. Nikainua mkono. Shati likatulia. Konda akanitambua, akainama, akaona mraba mwekundu.

"Mzee, kwapani kuna nini tena?"

"Kikwapa," nikamjibu, kifua mbele.

Akafungua dirisha.

Basi wewe uliyenunua cherehani na hujaambiwa: gurudumu lije kwako. Kabla ya kukaza sindano, uliza ubapa wake utazame wapi. Kunja kitambaa ndipo ukate mikono. Kwapa likatwe juu. Na likishaharibika, kikwapa ni inchi nne kwa nne.