Mwongozo wa Kuzuru Nyumba Ambazo Fundi Angezikataa

Kwanza, fundi wako mwache nyumbani. Ukifuatana naye atakuharibia safari, kwa kuwa kila mkipiga hatua mbili atauliza ngazi hii inaelekea wapi na ramani ilipitishwa na nani. Ni maswali mazuri ukiwa kwenye kiwanja chako. Nyumba ninazokupeleka zilijengwa na watu wasiomsikiliza mtu, na kwa ukaidi huohuo wageni huvuka bahari kuja kuziona.

Anzia Hauterives, kijiji cha kusini-mashariki mwa Ufaransa, na uvae viatu vya kutembelea. Mwenye jumba la huko, Ferdinand Cheval, alikuwa tarishi wa posta, akitembea kilomita zipatazo 30 kwa siku kugawa barua vijijini. Mwaka 1879 alijikwaa kwenye jiwe. Umbo lake likampendeza, akalitia mfukoni, na kesho yake akarudi kutafuta mengine. Mfuko ulipozidiwa akachukua kapu. Kapu lilipozidiwa, toroli. Usiku aliwasha taa ya mafuta na kuyaunganisha mawe kwa chokaa na saruji. Kulijenga jumba hilo kulimchukua miaka 33. Hakusomea uashi wala usanifu. Majumba ya mbali aliyajua kwa picha za kadi za posta na majarida. Ndiyo maana hapo utakuta hekalu la Kihindu, msikiti na nyumba ya milimani ya Uswisi vikiwa majirani, chini ya ulinzi wa majitu matatu marefu ya mawe.

Usiulize chumba cha kulala kiko wapi. Hakipo. Cheval alitamani kuzikwa humo. Alipokatazwa, akaanza kujijengea kaburi kwa mtindo uleule katika makaburi ya kijiji, kazi ya miaka minane zaidi, akiwa mzee wa karibu miaka 80. Alifariki mwaka 1924. Mwaka 1969 waziri wa utamaduni, André Malraux, aliliingiza jumba lake katika orodha ya majengo ya kihistoria, ingawa wapo wakubwa walioliona ni takataka. Kwa hiyo piga picha moja tu, kisha weka simu na utazame jiwe moja moja. Mtu mmoja aliyainua yote baada ya kazi.

Ukifika San Jose, California, usimwache kiongozi wako akakupotea. Sarah Winchester, mjane wa familia ya watengeneza bunduki, alinunua nyumba ya shamba mwaka 1886, akaendelea kuipanua mpaka akafikisha vyumba kama 160. Ipo ngazi inayogota kwenye dari na mlango unaofungukia hewani, ghorofani. Utasimuliwa habari za mizimu ya waliouawa kwa bunduki hizo. Sikiliza kwa adabu, halafu uliza kuhusu tetemeko la mwaka 1906 lililoangusha sehemu za juu za nyumba. Zitazame pia ngazi zenye vidato vifupi mno: mama huyo alisumbuliwa na ugonjwa wa viungo. Mimi naamini zaidi goti linalouma kuliko mzimu.

Zanzibar usichelewe. Jumba la Beit al-Ajaib, lililojengwa na Sultani Seyyid Barghash mwaka 1883, lilikuja kuwa na umeme na lifti. Lilinusurika mizinga ya Waingereza mwaka 1896. Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka likiwa katika matengenezo, na watu wawili wakapoteza maisha. Hilo linaniuma, kwa sababu uchakavu wa jengo haumfiki mtu kwa ghafla kama mzinga. Huonekana kwa miaka, unyevu ukipanda na nyufa zikipanuka. Litazame kutoka bustani ya Forodhani. Na kama mjini kwenu kuna jengo kongwe la umma, nenda kwa wanaolitunza ukaulize paa lake lilikaguliwa lini.