Nyuki Hawajui Liturjia

Ukitaka kumjua Mlutheri wa Tabora, muulize kwao ni wapi. Atakutajia Machame, Bukoba, Njombe au Mbulu, kisha ataongeza kwamba hapa yuko kwa muda tu, na ukichunguza utakuta huo muda una wajukuu. Mimi, mchungaji wao, ni Mnyiramba wa Kiomboi, mke wangu ni wa Machame, na watoto wetu wakiulizwa kabila wanajibu "Tabora", jibu ambalo bibi zao wa pande zote mbili wamekataa kulipokea.

Katika mji huu sisi ndio tuliochelewa. Waislamu walikuwapo tangu enzi za misafara, Waarabu na Waswahili walipopanda kutoka Bagamoyo kufuata pembe na watumwa. Mapadri wa White Fathers walifika miaka ya 1870. Wamoravian wakaishika Urambo mwaka 1898. Walutheri wengi tuliletwa na barua za uhamisho: karani wa reli, mwalimu, nesi, askari magereza, bwana shamba wa tumbaku. Ndiyo maana nikishamaliza kumzoesha mtunza hazina tofauti ya bahasha ya ahadi na bahasha ya jengo, anapata uhamisho wa Sumbawanga.

Uhamisho huo ndio ulioleta kasheshe ya nyimbo. Kitabu chetu ni kimoja, Tumwabudu Mungu Wetu, namba zile zile, maneno yale yale. Sauti ndizo zilizopita njia tofauti. Kilimanjaro walifundishwa na Wajerumani wa Leipzig tangu 1893. Bukoba walipata Wajerumani wengine, wa Bethel, mwaka 1910. Sisi Iramba, miaka ya 1920, tukaletewa Wamarekani wa Augustana wenye asili ya Uswidi. Wakalishe watu hao wote benchi moja, tangaza wimbo, halafu simama pembeni uone. Akina mama wa Machame wanauvuta kila mstari mpaka upumue. Wahaya wanamaliza ubeti, wanakaa, wanasubiri wenzao kwa heshima. Wanyiramba tunapanda pale wengine wanaposhuka, na tuna uhakika kwamba Mungu yuko upande wetu. Kijana wa kinanda, mtoto wa Kisukuma asiye na deni na upande wowote, hufuata aliyepaza sauti zaidi.

Baraza la wazee likakaa. Ikaamuliwa tuimbe kwa zamu: ubeti wa kwanza Kilimanjaro, wa pili Kagera, wa tatu Singida. Ubeti wa nne ukabaki hauna mwenyewe, tukawapa Wanyamwezi wachache tulio nao, wenye mji wao. Wao hawakuuliza sauti. Wakachukua ngoma. Ubeti wa nne ukarudiwa na kurudiwa, mzee mmoja wa Machame anayetembelea fimbo akaisahau fimbo, na tangu Jumapili hiyo kila wimbo ukitangazwa watu wanauliza kwanza kama una ubeti wa nne.

Nyumba ya mchungaji haiko mbali na stesheni, na hilo ndilo jambo ambalo chuo cha theolojia hakikunifundisha. Tabora ndipo treni zinapogawanyika: hii Kigoma, hii Mwanza, ile Mpanda. Watu hushuka hapa kungoja kupanda tena. Kungoja ni kazi ya zamani ya mji huu. Burton na Speke walifika Novemba 1857, wakati huo panaitwa Kazeh, wakakwama zaidi ya mwezi wakitafuta wapagazi. Stanley alifika 1871 akakuta njia ya Ujiji imefungwa na vita ya Mirambo, akajiingiza vitani kwa ubishi, akarudi mbio. Na Livingstone alikaa kwenye tembe la Kwihara, ambalo leo ni makumbusho, kuanzia Machi hadi Agosti 1872, akingoja wapagazi ambao Stanley aliahidi kumtumia kutoka pwani. Miezi mitano! Nikimwambia mke wangu kwamba hata Livingstone alingoja, ananijibu kwamba Livingstone hakungojea sebuleni kwake.

Wageni wetu hujitambulisha kwa ukoo usiopingika. "Shikamoo mchungaji, mimi ni mtoto wa shemeji yake mwinjilisti wenu wa zamani, yule aliyehamia Geita." Utamfanyaje mtu kama huyo? Unamkaribisha. Treni ya saa mbili usiku inakuwa ya alfajiri, ya alfajiri inakuwa ya kesho, na mgeni anakuwa mwenyeji. Tangu 2024 treni ya umeme inakimbia kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, na mafundi wanaisogeza huku kwetu. Mke wangu anaiombea reli hiyo kwa majina yake yote.

Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba mzigo wa kilo 30 hivi mpaka pwani, kwa miguu, akafika nao. Wageni wetu hubeba begi la mgongoni na kutuachia sisi zile kilo 30: "Mchungaji, nitaupitia." Stoo yetu imejaa nitaupitia. Kuna cherehani isiyo na mguu, kuna madumu ya mawese, kuna godoro la mtu aliyefunga ndoa mahali pengine. Mgeni mmoja kutoka Kigoma, kijana mpole na mwenye sala ndefu (uji wa asubuhi uliota ngozi akiwa bado anaiombea Afrika Mashariki), aliacha gunia la dagaa. Stoo ilikuwa imejaa, akalisukumia kwenye kabati la korido, chini ya kanzu zangu za ibada.

Jumapili ikafika. Mimi pua yangu ilikuwa na mafua, sikusikia kitu. Tukajipanga mlangoni: msalaba mbele, kwaya, wazee, mimi nyuma. Katikati ya maandamano nikaona watoto wanacheka na watu wazima wanazuia kucheka, jambo lenye kelele zaidi. Nikageuka. Paka. Paka wa jirani, paka wa sokoni, na mmoja mkubwa wa kijivu ambaye sijamwona kabla wala baada, wote wamepanga mstari nyuma yangu, mikia juu, kwa utaratibu ambao kwaya yangu haijawahi kuufikia. Wale wawili walibaki nje. Wa kijivu aliingia, akalala mguuni pa mimbari mpaka baraka. Mzee wa zamu alinong'ona kwamba angalau huyu hakusinzia wakati wa mahubiri, alilala wazi.

Nyumba yangu ingekuwa imekwisha kuanguka kama si Mama Mchungaji. Huwa nawaambia vijana wa Kipaimara kwamba Luther alipomwoa Katharina von Bora mwaka 1525, yeye alileta vitabu na madeni, Katharina akaleta akili. Alifuga nguruwe na ng'ombe, alipika pombe ya nyumbani, alipangisha vyumba wanafunzi, akalisha kila aliyepita, na mume wake akawa anamwita "Bwana Kate". Kwetu pombe imeondolewa na nguruwe amegeuzwa kuku, kwa heshima ya majirani zetu Waislamu, lakini mengine ni yale yale.

Wale wanafunzi wa mezani kwa Luther walikuwa na tabia moja: mzee akisema neno huku anatafuna, wao wanaandika. Maneno hayo yalichapishwa na Johannes Aurifaber mwaka 1566, miaka 20 baada ya Luther kufariki. Busara iliyoje! Mwandishi wa mezani kwangu ni kitindamimba wangu, naye hachelewi kuchapisha. Mwalimu wa Shule ya Jumapili aliwauliza watoto maana ya msamaha, siku ambayo baraza la wazee lilikuwa limekuja kukagua madarasa. Mwanangu akasimama, akafunga mikono nyuma, akatamka kwa sauti yangu mwenyewe: "Baba alisema kuwasamehe wazee wa kanisa ni rahisi, kuwasikiliza ndiyo kazi."

Baraza lilicheka. Mwenyekiti msaidizi alicheka mwisho, na kwa muda mfupi kuliko wenzake.

Sasa asali. Nani asiyejua asali ya Tabora? Misitu ya miombo imetuzunguka pande zote, na mzee wa Kinyamwezi anayejiheshimu ana mizinga yake mitini ambayo hakuonyeshi mpaka mmekula chumvi nyingi pamoja. Sikukuu ya Mavuno watu huleta walichonacho: mahindi, karanga, viazi, kuku aliyefungwa miguu, mayai kwenye ungo. Ibada ikiisha tunatoka nje chini ya miembe, mnada unaanza. Mnada wa kanisa una sheria zake. Yai moja huuzwa kwa bei ya trei. Aliyenunua mkungu wa ndizi huurudisha "kwa ajili ya kwaya", unauzwa tena, kwaya nao wanaurudisha "kwa ajili ya Mama Mchungaji", na ndizi zinaingia jikoni kwangu zikiwa na gharama ya ng'ombe. Sheria kuu ni moja: mkono ukipanda, umesema.

Mwaka mmoja, mzee wa mtaa wa upande wa Sikonge alileta ndoo ya asali mbichi, haijachujwa, masega yanaelea juu. Mnadi wetu, mwinjilisti mstaafu mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto, akaona ndoo iliyofunikwa haivutii wateja. Akafunua. Akachovya kijiti, akakiinua juu, asali ikashuka taratibu kama utepe, watu wakameza mate. "Elfu hamsini kwa kuanzia!"

Nyuki wa mji mzima wakapata habari.

Alikuja mmoja, akazunguka. Wakaja watano. Halafu tukasikia ule mvumo. Mwalimu mstaafu aliyekaa mstari wa mbele akapunga mkono kumfukuza nyuki sikioni. "Elfu sitini!" akapokea mnadi. Bibi mmoja akajipepea na kitenge. "Themanini, Mungu akubariki mama!" Bwana afya aliyehamia juzi kutoka Morogoro, suti mpya, akapiga kichwa chake kwa mikono miwili. "Laki moja na ishirini, kwa mikono yote miwili, huyu ndiye Mlutheri!" Kadiri nyuki walivyoongezeka ndivyo sadaka ilivyopanda. Watu wenye akili waliganda. Niliona wanakwaya wazima, mabesi wenye ndevu, wamesimama wima, nyuki wanatembea juu ya nyusi zao, wanatazama mbele bila kupepesa, kwa hofu ya kununua. Mzee wa asali yeye alikuwa amekaa kwenye mzizi wa mwembe, nyuki mkononi, anawatazama kwa huruma watu waliosoma.

Bwana afya alikuwa peke yake katika mapambano. Alirusha ngumi, alirusha koti. Alipofika laki mbili na nusu akatimua mbio kuelekea barabarani, na mnadi akamsindikiza kwa kipaza sauti: "Imekwenda! Imekwenda kabisa!"

Alilipa, tena kwa awamu, kwa uungwana. Jumapili iliyofuata alirudi jicho moja limefumba, akatangaza kwamba ndoo anairudisha kwa ajili ya mnada. Waumini wote, bila kuelekezwa na mtu, wakaweka mikono mfukoni.

Baada ya paka na nyuki nilidhani niko tayari kwa jambo lolote linaloweza kutokea kwenye ibada. Nilikuwa sijazika Mnyamwezi mwenye mtani.

Wapagazi wa hapa waliposhuka pwani walipita Uzaramo, na aliyeugua au kufia njiani, mbali na ndugu, alihitaji mtu wa kumsitiri. Inasemekana ndipo utani wa Wanyamwezi na Wazaramo ulipokua: wewe ukifa kwetu nitakuzika, na kwa kuwa nitakuzika, nina haki ya kukutukana. Marehemu alikuwa mzee wangu wa kanisa, mtulivu, mtu wa kuhesabu sadaka mara mbili. Tulipofika makaburini nikafungua kitabu cha ibada. Nikatazama kaburini ili nisome, nikakuta mtu.

Alikuwa seremala wa Kizaramo wa mtaani kwetu, Mwislamu, amelala chali humo ndani, kofia usoni, mikono kifuani. "Huyu Mnyamwezi hashuki," akasema. "Ana deni langu la kitanda. Namlalia mpaka nilipwe." Vilio vikakatika. Mjane, ambaye hakuwa amesema neno tangu asubuhi, akafunua uso akamwambia kitanda chenyewe kilikuwa na kunguni. Seremala akajibu kwamba kunguni walikuwa bure. Ndugu wakaanza kumrushia hela. Akahesabu, akasema zimepungua, kisha akanigeukia mimi niliyesimama na stola yangu ukingoni.

"Na wewe mchungaji. Mahubiri dakika ngapi?"

Nikasema nimeandaa ishirini.

"Marehemu alikuwa ananiambia ishirini zako zinakuwa hamsini. Sema kumi, nitoke."

Nilitazama waombolezaji nikitafuta msaada. Hakuna aliyenitazama. Nikasema kumi. Akanyoosha mkono, nikamvuta, akatoka na udongo mgongoni, akawa wa kwanza kushika koleo na wa mwisho kuliachia. Zile hela zote alimkabidhi mjane, na zake akaongeza juu.

Nilihubiri dakika kumi. Watu waliniambia ni mahubiri yangu bora tangu nifike Tabora, na walisema hivyo kwa bidii iliyonitia wasiwasi. Kikao kilichofuata cha baraza kilifanyika sebuleni kwangu, na chini ya mengineyo mtunza hazina mpya akaomba ruhusa ya kuleta hoja: kwamba seremala aalikwe kila Jumapili, akae mbele, na alipwe posho kutoka mfuko wa jengo. Hoja ikaungwa mkono na Machame, Bukoba na Iramba kwa sauti moja, jambo ambalo halijawahi kutokea katika usharika huu. Ikapita kwa kura zote isipokuwa ya mwenyekiti, ambaye ni mimi. Mama Mchungaji si mjumbe wa baraza na hana kura, lakini nilimsikia akipiga makofi jikoni.