Kata ya Ishirini na Moja

(Mjini Kitui, nje ya ofisi moja. Punda amefungwa chini ya mwembe, mgongoni mitungi minne ya maji yaliyochotwa mchangani, mto Kalundu. Dirishani, Seva ananguruma.)

PUNDA: Bwana Seva, mbona wahema kunishinda mimi niliyepanda kutoka mtoni?

SEVA: Nimebeba hifadhidata nzima! Majina, ada na mashamba, kutoka Mwingi hadi Wote. Wewe umebeba maji tu.

PUNDA: Maji tu, ila yana kipimo. Mtungi ni kata ishirini. Zikitimia, mmiliki wangu Mwaitu anaziba kwa gunzi. Wewe nani hukuzibia?

SEVA: Mimi hupokea chochote niletewacho. Ndiyo huduma kwa wananchi.

PUNDA: Huduma hiyo iliwaponza wenzako. Tarehe 25 Januari 2003, seva za Microsoft SQL Server 2000 zililetewa ujumbe wa baiti 376. Chombo cha kuupokelea kilikuwa kidogo, na programu haikupima. Ikamimina tu.

SEVA: Yakimwagika si yatakauka?

PUNDA: Mchangani, naam. Kwenu yalimwagikia palipoandikwa kazi ifuatayo ni ipi. Maagizo ya mwenyeji yakafutika, yakakaa ya mgeni, na seva ikaanza kutuma nakala za ujumbe uleule duniani kote. Mnyoo huo, Slammer, ulizishika seva zipatazo 75,000, nyingi zake ndani ya dakika 10. Huko Marekani, mashine za pesa za Bank of America zikagoma.

SEVA: Mwovu ni aliyeutuma!

PUNDA: Ni mwovu. Lakini kiraka cha kuziba kasoro hiyo kilitolewa Julai 2002, miezi sita kabla.

SEVA: Aa, kiraka! Hata mimi ninacho kimoja, kinasubiri kikao. Kamati iliteua kamati ndogo, na kamati ndogo haijalipwa posho.

PUNDA: Na mlango umebaki wazi?

SEVA: Wazi vipi? Getini kuna askari wawili.

PUNDA: Wanaokagua buti za magari! Ujumbe ule hauji kwa gari.

SEVA: Kweli shukrani ya punda ni mateke.

PUNDA: Teke langu halidai posho. Mwaitu hajasomea kompyuta, lakini hajawahi kumimina kata ya ishirini na moja.

(Mwaitu anatoka ofisini. Ameambiwa arudi kesho, mtambo umekwama. Anakaza magunzi, moja baada ya jingine, ndipo anafungua kamba.)