Jinsi ya Kuandika Historia Tukufu ya Sungusungu

Umeombwa uandike historia ya sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, wa Ngulyati huko Bariadi, nawe huna hata karatasi moja. Usihofu. Fuata hatua hizi.

1. Anzia Uingereza, wasomi wakuheshimu. Eleza kuwa kwa sheria ya mwaka 1757 kaunti zilipata wanamgambo kwa kura, na tajiri aliyeangukiwa alimlipa mwingine aende badala yake. Kisha ruka upesi, kabla msomaji wa Bariadi hajakumbuka nani hulala siku ya doria akamtuma kijana wa kazi.

2. Wasifu waanzilishi. Vita vya Kagera vilipokwisha mwaka 1979, bunduki zilizagaa na ng'ombe wakatoweka mazizini. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanavijiji wa upande wa Kahama wakajipanga kwa pinde na mishale, Usukuma ukaitikia. Taja kuwa Nyerere aliwaunga mkono.

3. Panga vyeo. Serikali ilifuta utemi, yaani utawala wa machifu, mwaka 1963. Sungusungu wakajichagulia mtemi wao, wakamwekea wasaidizi, katikiro na kamanda. Usiulize nani aliwaruhusu.

4. Hapa tumia kurasa nyingi. Usiku mwano, ukelele wa hatari, unapigwa kaya ya kwanza, ya pili inapokea, ya tatu inapokea. Wanaume wanatoka na pinde, wanafuata alama za kwato hadi mpaka wa kijiji, na huko wenyeji wanaendeleza msako. Asiyetoka analipa faini. Anayegoma kulipa anatengwa: hasalimiwi, hapewi moto, na akifiwa anachimba kaburi na wanawe.

5. Kuna vikundi vilivyoacha wezi vikawageukia vikongwe, macho yao mekundu kwa moshi wa jikoni yakawa ushahidi wa uchawi. Hapo andika tu kwamba "zilijitokeza changamoto", usimtaje mtenda. Mjukuu wake ndiye atakayenunua kitabu.

6. Malizia na sheria ya mwaka 1989 iliyowaingiza sungusungu katika mfumo wa mgambo na kuwapa uwezo wa kukamata. Andika kuwa tangu siku hiyo hakuna aliyeonewa. Faini zilikwenda wapi? Ruka.

Ukishamaliza, wasomee watu wawili: mzee aliyerudishiwa ng'ombe wake, na bibi aliyehama kijiji usiku. Mmoja akiinuka kabla hujafika mwisho, chana uandike upya. Na uwahi, maana wote wawili ni wazee.